Mrina asali, pima mzigo kabla ya kuingia porini

NDOO ya lita 20 iliyojaa asali ina uzito wa takribani kilo 28, kwa kuwa lita moja ya asali hufikia kilo 1.4. Mrina asali anayetoka porini na ndoo mbili kwenye keria ya baiskeli anasukuma kilo 56, kabla hajahesabu sufuria, turubai wala blanketi lake.

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi wa vifaa kwa wafugaji nyuki wa mikoa ya Tabora na Katavi, ambao msimu ukifika huacha nyumba zao na kupiga kambi kwenye misitu ya miombo, mbali na umeme, duka na zahanati.

Kila kilo ya kifaa kisicho na kazi ni kilo ya asali inayobaki porini. Hata hivyo, kifaa muhimu kikisahaulika nyumbani kinaweza kugharimu mavuno yote, au hata uhai.

Anza na ndoo

Wengi hufungasha chakula kwanza na kukumbuka vyombo mwishoni. Inatakiwa iwe kinyume chake, kwa kuwa chombo ndicho kinachoamua bei sokoni.

Ndoo inayofaa ni ya plastiki ya kuhifadhia chakula, yenye mfuniko unaobana. Asali hufyonza unyevu wa hewani, na maji yakizidi huchacha. Ndoo iliyowahi kubeba rangi au dawa ya mimea haifai hata ikioshwa mara kumi. Vyombo vya bati au vilivyopakwa zinki navyo viepukwe, kwani asali ina asidi inayokula madini hayo.

Wakati wa kwenda, ndoo hizo ni tupu, hivyo zitumike kama masanduku. Unga, maharage, chumvi, kiberiti na nguo kavu vikifungwa ndani yake havitalowa hata mvua ikinyesha njia nzima. Mafuta ya taa, sabuni na dawa ya mbu visiguse ndoo kabisa, kwani harufu yake huhamia kwenye asali.

Bomba la moshi nalo lisikosekane. Mwenge wa moto huua nyuki, huipa asali harufu ya moshi na unaweza kuwasha msitu. Mzinga ulioungua hauna mavuno ya mwakani.

Rangi ya nguo ni kinga

Nyuki akikasirika huelekea zaidi kwenye vitu vyeusi. Mbung'o naye huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na ndiye anayeeneza malale, ugonjwa ambao umewahi kuripotiwa kwa miaka mingi katika maeneo kama Urambo.

Kwa hiyo nguo nzito za rangi ya kaki au nyeupe, za mikono mirefu, hufanya kazi mbili kwa uzito mmoja. Ziongezewe wavu wa uso, glovu na buti ndefu, ambazo pia humkinga mvaaji dhidi ya nyoka. Wavu ukaguliwe dhidi ya mwanga nyumbani. Tundu dogo lisiloonekana mchana ndilo nyuki atakaloliona usiku.

Taa na simu

Tochi ya kichwani inafaa kuliko ya mkononi, kwa kuwa mrina asali aliye juu ya mti anahitaji mikono yote miwili. Yenye taa nyekundu ni bora zaidi, kwani nyuki haoni vizuri rangi hiyo. Asiyekuwa nayo anaweza kufunika kioo cha tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki.

Tochi zote za kambi zitumie betri za ukubwa mmoja ili moja ikifa, nyingine iazime. Wakati wa safari betri zitolewe, au moja igeuzwe, tochi isije ikajiwasha mzigoni.

Simu ndogo ya vitufe hukaa na chaji kwa siku kadhaa na huvumilia kudondoka. Izimwe mahali pasipo na mtandao, kwani simu inayotafuta mnara humaliza betri haraka. Kabla ya kuondoka, kila mmoja ajue ni kilima gani au njiapanda ipi inayopata mtandao.

Dharura haisubiri

Mtu akiumwa na nyuki, mwiba ukwanguliwe mara moja kwa ukucha, kwa sababu unaendelea kusukuma sumu. Maumivu na uvimbe mahali palipoumwa ni jambo la kawaida. Lakini mtu akivimba midomo au koo, akipumua kwa shida au akipata kizunguzungu, hiyo ni hatari ya kifo na vidonge vya kambini havitoshi. Anahitaji kufikishwa haraka penye tiba.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, kisichanjwe na kisikazwe kwa kamba. Naye apelekwe hospitali.

Ndiyo maana pampu, viraka, gundi, spana na tyubu ya akiba ni vifaa vya uokoaji, si vya fundi tu. Baiskeli yenye pancha ndiyo gari la wagonjwa lililoharibika. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asiingie porini peke yake, na nyumbani waachiwe jina la kambi na siku ya kurudi.

Aidha, vidonge vya kutibu maji, filimbi, bandeji na chumvi-sukari ya kuzuia kuishiwa maji mwilini havifikii uzito wa kilo moja kwa pamoja. Hivyo visipunguzwe kamwe.

Mfuko usifunguliwe

Vifaa hivyo vidogo vina kazi hata msimu ukiisha. Desemba 3, 2023, maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara yaliua watu zaidi ya 80 na kufunika barabara na nyumba. Katika saa kama hiyo hakuna nafasi ya kutafuta tochi. Mfuko wenye taa, filimbi, dawa, kiberiti kikavu na nakala za vyeti ukae karibu na mlango mwaka mzima.

Kuhusu safari ijayo, njia ni rahisi. Tandaza vifaa vyote juu ya turubai, vipime kwa mzani wa dukani, kisha tenga kile ambacho hakikutumika safari iliyopita. Kama si cha dharura, kibaki nyumbani. Nafasi yake keriani itachukuliwa na asali.