Vinyweleo: vitundu vidogo vya ngozi, na njia ya zebaki

Neno kinyweleo tunalisikia mara nyingi, lakini ukiuliza watu watatu maana yake utapata majibu matatu. Mmoja atakuambia ni kitundu cha ngozi ambamo jasho linatokea. Wa pili atasema ni kishimo ambamo unywele unaota. Wa tatu atakuonyesha zile nywele ndogo ndogo za mkononi, maana akishtuka husema, “Vinyweleo vilinisimama.” Wote hawakosei. Neno limezaliwa na nywele, kisha likapanuka.

Ila jina lisitudanganye. Tazama kiganja chako: hakina unywele hata mmoja, kumbe kina vitundu vya jasho vingi kuliko karibu sehemu zote za mwili. Mwili mzima una vitundu vya jasho kati ya milioni 2 na 4. Kazi yake ni kutoa. Jasho linatoka, linakauka, mwili unapoa. Mtu anayetwanga mawe juani bila vitundu hivyo asingemaliza siku. Wengine husema maji ya moto yanavifungua na maji ya baridi yanavifunga. Hapana, si milango ya nyumba; havina msuli wa kuvifunga.

Kwa nini tunalieleza hili kwa watu wa Fizi na Baraka? Kwa sababu ya zebaki, ile wengine wanaita merkure. Kwenye machimbo ya dhahabu huchanganywa na mchanga ili ikamate dhahabu, halafu donge linachomwa motoni. Baba anavaa glavu na kusema, “Sasa haiwezi kuniingia kwenye vinyweleo.” Glavu ni nzuri, avae. Lakini zebaki ya majimaji hupita ngozini kidogo tu. Mlango wake mkubwa ni pua.

Zebaki ikichomwa inakuwa mvuke usioonekana, usio na harufu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na ukuta wake ni mwembamba kuliko ngozi yoyote. Karibu asilimia 80 ya mvuke uliovutwa hubaki mwilini, unaingia damuni na kufika kwenye ubongo. Kwa mama mwenye mimba unafika hata kwa mtoto tumboni. Kitambaa puani hakiuzuii. Na anayechoma donge jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali, anawavutisha watoto wote, maana mvuke ukipoa unashika ukutani, kwenye mabati na kwenye nguo, kisha unaanza tena kutoka polepole. Hilo, kwa kweli, halifai kabisa. Donge lichomwe mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kurudisha zebaki. Hata mfuko unafaidika, kwani zebaki hiyo inatumika tena.

Kuna mahali ambapo vinyweleo kweli vinaingiza sumu: pomadi za kujichubua. Baadhi zimetiwa chumvi za zebaki. Mtu akijipaka asubuhi na jioni, miezi na miezi, zinapenya kwenye ngozi na kwenye vishimo vya nywele, zinaharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliziweka kati ya vitu vya kukomeshwa, lakini bado zinauzwa sokoni. Mama, soma boksi kabla ya kulipa: ukiona calomel, mercurio au Hg, rudisha. Na boksi lisilosema kitu chochote, lirudishe pia.

Mikono ikianza kutetemeka, usingizi ukipotea, ufizi ukivimba, mtu akianza kusahau au kukasirika bila sababu, mpelekeni kwenye kituo cha afya. Mwambieni muganga waziwazi kwamba nyumbani mnachoma zebaki, au mnajipaka pomadi gani, kwa sababu yeye asipoambiwa anaweza kutafuta ugonjwa mwingine.