Kabla ya Kuomba Tangi Jipya

Miongoni mwa maombi yanayofika mara nyingi kwenye meza yetu ya miradi ni ombi la tangi la kuvunia maji ya mvua. Linatoka vigangoni, kwenye shule za chekechea, zahanati na nyumba za masista. Ombi hilo ni la haki. Sera ya Maji ya Taifa ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba kila mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 za maji safi kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Sote tunafahamu kuwa viko vijiji ambako akina mama na watoto bado wanatembea mbali zaidi ya hapo.

Hata hivyo, tunapokwenda kulikagua eneo, si mara chache tunakuta tangi tayari lipo. Lilijengwa miaka iliyopita, kibao cha mfadhili bado kinasomeka, ila ndani hamna maji. Kwa sababu hiyo, katika toleo hili tunapenda kueleza kwa nini tunaziomba kamati za parokia zitengeneze kwanza, kisha ndipo ziombe. Na kwa nini tunawaomba wafadhili wakubali kulipia matengenezo.

Hesabu ya paa

Kila kamati inapaswa kuijua hesabu hii, nayo ni rahisi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa, inatoa lita 1 ya maji. Sehemu kidogo hupotea kwa kuruka na kukauka, hivyo kwa paa la bati tunahesabu asilimia 80 tu.

Tuchukue mfano wa kanisa lenye paa la urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 200. Mkoa wa Dodoma ni mkavu, lakini hata huko mvua ya mwaka wa kawaida hufika milimita 550 hivi. Zidisha 200 kwa 550, kisha chukua asilimia 80: unapata lita 88,000. Tangi la lita 20,000 chini ya paa hilo linajaa kwa milimita 125 tu za mvua, na sehemu kubwa ya msimu bado iko mbele.

Sasa tuseme gata ya upande mmoja imeanguka. Nusu ya paa haifanyi kazi tena, na tangi linahitaji milimita 250 ili lijae. Mwaka ambao mvua ni haba, halitajaa kabisa. Kamati ikiona tangi halijai inaweza kudhani kwamba paa halitoshi au kwamba mvua imebadilika. Wengine hudhani dawa ni tangi la pili. Lakini tangi la pili haliongezi hata tone moja kama maji hayafiki kwenye lile la kwanza.

Tuanze juu: gata

Kwa maoni yetu, gata ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote, na ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Fundi mwashi akishamaliza tangi huondoka na sifa zake, na gata hufungwa haraka haraka kwa waya.

Mambo ya kukagua ni haya:

- Mteremko. Gata ishuke kuelekea kwenye tangi kwa sentimita 1 katika kila mita 1. Kwa ukuta wa mita 20, mwisho mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita 20. Pima kwa uzi na pima maji, msikadirie kwa macho. Maji yakituama, bati litaota kutu na mbu watazaliana.
- Ukubwa. Kanuni inayosaidia ni sentimita 1 ya mraba ya nafasi ya gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Upande wa paa wenye mita za mraba 100 unahitaji gata yenye nafasi ya sentimita za mraba 100, kwa mfano upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 10. Ikiwa ndogo kuliko hapo, mvua kubwa itamwagika nje.
- Vishikizo. Viwe karibu karibu, visipishane zaidi ya mita 1, na vifungwe kwenye ubao ulio mzima. Ubao ukiwa umeliwa na mchwa, badilisheni ubao kwanza.
- Viungio. Palipovuja pasafishwe na kukauka kabla ya kuzibwa. Kuziba juu ya kutu na vumbi ni kupoteza fedha.

Hali kadhalika, kateni matawi yanayoning'inia juu ya paa. Majani huziba gata, na ndege huacha kinyesi ambacho mvua hukiosha na kukipeleka kwenye maji ya kunywa.

Ufa wa tangi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa matangi ya saruji maneno hayo ni ya kweli kabisa. Ufa mwembamba leo ni kazi ya siku chache. Ukiachwa, maji hufikia nondo au waya ulio ndani, chuma kinaota kutu na kuvimba, na ukuta unamomonyoka.

Namna ya kuutengeneza ni hii. Tangi limwagwe maji. Ufa uchimbwe kwa tindo mpaka upate umbo la herufi V, upana wa sentimita 2 au 3, ili plasta ipate mahali pa kushika. Vumbi lote liondolewe kwa brashi na sehemu hiyo ilowanishwe. Ipakwe niru ya saruji, na kabla haijakauka ujazwe mchanganyiko wa saruji ndoo 1 kwa mchanga safi wa mto ndoo 3. Baada ya hapo kiraka kifunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji kwa muda usiopungua siku 7. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, kisha lawama zinakwenda kwa saruji. Saruji hupata nguvu kwa unyevu. Ikikaushwa na jua siku ya pili, inapasuka upya.

Vilevile, tangi la saruji lisiachwe kavu kabisa wakati wa kiangazi. Bakizeni maji kidogo chini, kwa sababu ukuta mkavu unaopigwa na jua hujikunja na kutoa nyufa mpya.

Matangi ya plastiki nayo yana ugonjwa wake, na mara nyingi uko chini, kwenye msingi. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Likiwekwa juu ya mawe yasiyo sawa au udongo unaotitia, litapasuka kwenye kitako. Kabla ya kulaumu tangi, tazameni jukwaa lake.

Tahadhari moja ya uhai: mtu asiingie ndani ya tangi peke yake. Mfuniko ufunguliwe mapema hewa ipite, na mwenzake abaki nje akimwona. Kazi ikiisha, mfuniko ufungwe kwa kufuli, maana tangi lililo wazi ni hatari kwa watoto.

Koki inayovuja

Jambo hili linaonekana dogo, basi tulihesabu pamoja. Koki inayodondosha tone 1 kila sekunde hupoteza lita 4 na zaidi kwa siku. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, ni siku 214. Jumla inakaribia lita 900, yaani ndoo 45 za lita 20.

Tangi la lita 20,000 lililojaa mwisho wa Aprili linaweza kutoa lita 93 hivi kila siku mpaka mvua irudi. Kwa hiyo koki hiyo moja imekula maji ya siku 10. Kwa zahanati, hizo ni siku 10 za kinamama kuja kujifungua huku ndugu zao wakitumwa kuchota maji mbali. Kinachotakiwa ni wosha mpya ya mpira na spana. Hakihitaji andiko la mradi.

Usafi na mbu

Tangi lililoharibika linaweza pia kuleta ugonjwa. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hupenda maji yaliyotulia kwenye vyombo karibu na nyumba za watu. Jiji la Dar es Salaam lilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa hiyo kila tundu la tangi, pamoja na bomba la kutolea maji yaliyozidi, liwe na wavu mzima wa kuzuia mbu.

Mvua ya kwanza isiingizwe kwenye tangi. Inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati. Lita 50 za mwanzo kwa kila mita za mraba 100 za paa zielekezwe pembeni kwa kiungio cha bomba kinachoweza kugeuzwa. Na hata tangi likiwa safi, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya kwenye pakiti.

Ni lini tangi jipya linahitajika?

Hatusemi kwamba tangi jipya lisiombwe kamwe. Ombi lina nguvu pale ambapo gata zote ni nzima, tangi lililopo halivuji, linajaa na kumwaga maji katikati ya msimu, na bado linakauka kabla ya mvua nyingine. Hapo kamati imethibitisha kwamba paa linatoa maji mengi kuliko nafasi ya kuyahifadhi. Vilevile, kama msingi umetitia au chuma cha ukutani kimeliwa chote na kutu, fundi mwaminifu atasema kwamba kutengeneza ni gharama bure.

Kamati ikituletea maelezo ya namna hiyo, yenye vipimo vya paa na kumbukumbu za lini tangi lilijaa na lini liliisha, inafanya kazi yetu kuwa nyepesi sana mbele ya mfadhili.

Nani atashika spana?

Tumejifunza kwamba kinachokosekana zaidi ni mtu wa kuwajibika, kuliko hata fedha. Kitu cha wote huwa hakina mwangalizi. Tunashauri kila tangi liwe na mtunzaji aliyetajwa jina katika muhtasari wa kikao, mwanamke au mwanaume, tena ikiwezekana awe miongoni mwa wanaochota maji hapo kila siku, kwa sababu ndio wa kwanza kuona tatizo. Apewe spana, wosha za akiba, brashi na daftari. Mhazini atenge kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya tangi, kisomwe mbele ya waamini kama yanavyosomwa matumizi mengine.

Ukaguzi ufanyike kabla ya mvua. Kwenye mikoa yenye msimu mmoja, mwezi Oktoba unafaa. Kwenye maeneo yenye vuli na masika, kama Kilimanjaro na Pwani, kagueni Septemba na tena Februari.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunajua kwamba tangi jipya lina picha nzuri: Baba Paroko anakata utepe, watoto wanaimba, kibao kinawekwa. Gata iliyonyooshwa haina sherehe, wala hakuna anayebandika jina lake kwenye wosha ya mpira. Lakini pale ambapo matengenezo yanatosha, fedha za tangi moja jipya zinaweza kurudisha maji kwenye matangi kadhaa yaliyokwisha kulipiwa, pengine na ninyi wenyewe au na wazazi wenu. Tunaomba kila mradi wa maji mnaouchangia uwe na fungu la matengenezo tangu mwanzo, na mkubali kupokea taarifa isemayo tu kwamba tangi la zamani bado linatoa maji.

Kitabu cha Mwanzo kinatusimulia kwamba Isaka alifukua upya visima vilivyochimbwa siku za baba yake Ibrahimu, ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia. Alivirudishia na majina yaleyale aliyoyatoa baba yake. Nayo ilihesabiwa kuwa kazi ya kutosha kuandikwa.

Basi, kabla ya kikao chenu kijacho, wajumbe wawili wachukue ngazi, wapande, waitazame gata. Watakachokiona huko kiwe ajenda ya kwanza.