Aliyebuni Bendera Alidai Mvinyo

MTOTO wa shule nchini Marekani akiulizwa ni nani aliyetengeneza bendera ya kwanza ya taifa lake, aghalabu hujibu pasipo kusita: Betsy Ross, mshonaji wa Philadelphia. Yasemekana Jenerali George Washington alimwendea mjane huyo mwaka 1776 na mchoro wenye nyota za pembe sita. Mama akaukunja mkasi wake ukatoa nyota ya pembe tano kwa mkato mmoja.

Hadithi ni tamu, lakini ilitangazwa na mjukuu wake, William Canby, mwaka 1870, miaka 34 baada ya bibi kufariki. Kwamba alishona bendera ni kweli. Hesabu za jeshi la maji la Pennsylvania za Mei 1777 zaonyesha alilipwa. Ila kushona ni kazi moja, na kubuni ni nyingine.

Bendera iliyotangulia, iliyopandishwa katika meli Alfred Desemba 1775, ilikuwa na milia 13 kwa idadi ya makoloni, na pembeni, ajabu iliyoje, alama ya Uingereza ile ile waliyokuwa wakipigana nayo! Tarehe 14 Juni, 1777, Bunge lao liliamuru mahali pake pawe na nyota nyeupe 13 katika buluu. Halikusema zipangwe vipi, basi kila mshonaji akapanga apendavyo.

Sasa yuko Francis Hopkinson, mwanasheria aliyetia sahihi Azimio la Uhuru na kutumikia Halmashauri ya Jeshi la Maji. Mei 1780 aliandika barua akiorodhesha alama alizoichorea serikali, bendera ikiwamo, akaomba kwa malipo kipipa cha mvinyo wa umma. Baadaye alidai fedha taslimu. Msomaji aliyewahi kufuatilia malimbikizo ya mshahara atayatambua yaliyofuata: madai yakapelekwa huku, yakarudishwa kule. Mwishowe Hazina ikajibu kuwa ni mtumishi mwenye mshahara, tena si yeye peke yake aliyeshauriwa.

Jibu hilo lilikusudiwa kumnyima. Lakini kumwambia mtu kuwa hakuwa peke yake ni kukiri kwamba alikuwamo, na ushahidi wa namna hiyo, ulioandikwa zama zile zile, Betsy Ross hana. Mwaka 1952 mama huyo alitolewa katika stempu. Hopkinson alifariki mwaka 1791, bila fedha wala mvinyo.