Kiungo na Mcheza Kwao: Njia ya Mwanasoka wa Migori na Homa Bay

Neno kiungo linatokana na kitenzi unga. Katika mwili, kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana. Jikoni, ni kile kinachotiwa mchuzini ili ukolee. Uwanjani, ni mchezaji wa katikati anayewaunganisha walinzi na washambuliaji. Makala haya yananuia kueleza jinsi kazi ya mchezaji huyo inavyojengwa, kwa kuangazia Migori na Homa Bay, kaunti mbili jirani ambazo zamani zilikuwa katika wilaya moja ya South Nyanza. Hoja kuu ni kwamba maisha ya soka ya kiungo nayo yana viungo vyake, na kimoja kikivunjika, kipawa hukwama njiani.

Kwanza, ni vyema kutambua upekee wa nafasi hii. Mshambuliaji hupimwa kwa mabao, na mabao huhesabika. Mlinda lango naye anaweza kujipatia sifa kwa kuokoa mkwaju mmoja wa penalti. Kiungo hana kipimo chepesi kama hicho. Kiungo mkabaji hufanya kazi ya kuziba mianya kabla hatari haijaonekana, na kiungo mchezeshaji hutoa pasi inayozaa pasi nyingine, ambayo ndiyo huzaa bao. Aghalabu mtazamaji wa siku moja hayaoni hayo. Ili kiungo ajulikane, hana budi kutazamwa mechi baada ya mechi, msimu mzima, akicheza na wapinzani wa viwango mbalimbali. Kwa sababu hiyo, kiungo huitegemea ligi ya kudumu kuliko wenzake wengi.

Katika kaunti hizi mbili, hatua ya kwanza ni uwanja wa kijijini na mashindano ya shule. Hatua ya pili, kwa miaka mingi, ilikuwa SoNy Sugar ya Awendo, Migori. Kampuni ya sukari ya South Nyanza ilianzishwa mwaka 1976 ili kusaga miwa ya wakulima wa eneo hilo, nayo ikailea timu ya soka. Mwaka 2006 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Kijana wa Rongo, Ndhiwa au Oyugis aliweza kuwaona wachezaji wa daraja la juu katika uwanja wa Awendo bila kusafiri hadi Nairobi. Zaidi ya hayo, angeweza kusajiliwa karibu na nyumbani, akacheza msimu mzima, na vigogo wa jiji wakamtazama walipokuja kucheza ugenini. Kiungo Tobias Otieno, kwa mfano, alitoka SoNy Sugar akajiunga na Gor Mahia mwaka 2019.

Hata hivyo, timu iliyofungamana na kiwanda huugua kiwanda kinapougua. Viwanda vya sukari vya serikali vilielemewa na madeni. Katika msimu wa 2019/2020, SoNy Sugar ilishindwa kufika uwanjani katika mechi tatu, na kwa mujibu wa kanuni ikaondolewa katika Ligi Kuu. Miaka 13 baada ya ubingwa, ngazi hiyo ikakatika. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda chenyewe kwa mwekezaji wa kibinafsi. Mkulima akauliza nani atanunua miwa yake, na mpenzi wa soka akawa na swali lake pia: nani atailea timu?

Kuna kinaya kinachostahili kutajwa hapa. Gor Mahia, klabu yenye makao yake Nairobi iliyoundwa mwaka 1968 na kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, ina jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay. Masimulizi ya Waluo humsifu kwa uwezo wake wa kujigeuza maumbo. Jina la Homa Bay, basi, limevuka mipaka ya nchi, ilhali kijana wa Homa Bay hulazimika kulifuata jina hilo jijini ili aonekane.

Umuhimu wa hatua za katikati hudhihirika tukimtazama Victor Wanyama, kiungo mkabaji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1991. Jijini alipitia akademia ya JMJ, Nairobi City Stars na AFC Leopards, kisha akaenda Helsingborg ya Uswidi na Beerschot ya Ubelgiji. Mwaka 2011 alihamia Celtic ya Uskoti, na tarehe 7 Novemba 2012 alifunga bao katika ushindi wa 2-1 dhidi ya Barcelona. Mwaka 2013 Southampton ya Uingereza ilimnunua kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa pauni milioni 12.5. Mwaka 2019 aliiongoza Harambee Stars kama nahodha katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Kila klabu ilikuwa kiungo cha klabu iliyofuata.

Uhamisho huo wa 2013 unafafanua jambo lisilofahamika na wengi. Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya kandarasi yake kwisha, asilimia 5 ya bei igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Msimu mmoja katika umri wa miaka 12 hadi 15 hupata asilimia 0.25 ya bei, na msimu mmoja wa kuanzia miaka 16 hupata asilimia 0.5. Kwa bei ya pauni milioni 12.5, fungu zima ni pauni 625,000, na msimu mmoja wa kijana wa miaka 16 ni pauni 62,500. Fedha hizo zingeweza kuiendesha klabu ndogo kwa muda mrefu.

Lakini fungu hilo hufuata maandishi. Klabu hulipwa ikiwa imesajiliwa na shirikisho la soka la nchi yake na iwapo jina la mchezaji limo katika kumbukumbu za usajili. Timu ya kijijini isiyosajiliwa haipati chochote, hata kama ndiyo iliyomfundisha mtoto kuutuliza mpira. Kocha anayeandika majina, tarehe za kuzaliwa na misimu ya vijana wake, kisha akayafikisha kwa shirikisho, analinda haki ya kijiji kizima.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Kwa mwanasoka wa Migori na Homa Bay, methali hii inahitaji nyongeza. Mcheza kwao hutuzwa iwapo kwao pana ligi ya kumwonyesha, naye mcheza ugenini huwatuza wa kwao iwapo waliliandika jina lake kabla hajaondoka. Mwaka 2025 Homa Bay iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka katika uwanja wake mpya wa Raila Odinga. Uwanja umepatikana. Kinachosubiriwa ni timu zitakazocheza humo kila wiki, zenye madaftari ya usajili yaliyojazwa sawasawa, ili kiungo wa kesho apate pa kuungia safari yake.