Jiko la Mwili na Chumvi ya Kivu

Alfajiri, wavuvi wa Ziwa Kivu hurudi Gisenyi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, huku wakiimba. Ufukoni huwapo akina mama wenye mabeseni, wakingojea sambaza wa kuuza sokoni. Huwapo pia watu waliovaa viatu vya mpira, wanaotembea upesi upesi au kukimbia kandokando ya maji ili wapunguze matumbo.

Hao wa viatu vya mpira wana swali moja linalowasumbua, nalo linasumbua pia kambi za askari na nyumba zao. Watu wawili hula chungu kimoja na hufanya kazi moja. Mmoja hunenepa, mwenzake hubaki mwembamba kama unyasi. Yule mnene huambiwa kwamba ni mlafi. Pengine ni kweli. Lakini mwili una jiko lake la ndani linalounguza chakula, na jiko hilo lina wasimamizi wasioonekana kwa macho, ambao wataalamu huwaita homoni.

Msimamizi mkuu hukaa shingoni. Mbele ya koo ipo tezi ndogo yenye umbo kama la kipepeo, iitwayo thairoidi. Homoni zake husafiri katika damu na kuziamuru chembe zote za mwili ziunguze chakula kwa kasi gani. Zikipungua, moto hufifia: mtu huona baridi wakati wenzake wana joto, huchoka bila kazi, hufunga choo, ngozi yake hukauka, moyo hupiga polepole na uzito huongezeka. Zikizidi, moto huwaka kupita kiasi: moyo hwenda mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka, na mtu hukonda ingawa anakula kuliko kawaida.

Tezi hiyo haiwezi kutengeneza homoni bila madini ya iodini, ambayo katika Kiswahili yamekwisha kupewa jina la madini joto. Aliyebuni jina hilo alistahili tuzo, maana linaeleza kazi yake kwa maneno mawili. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Ni kiasi kidogo mno, lakini katika nchi za milima mirefu, mbali na bahari, mvua za karne nyingi zimeyachukua madini hayo kutoka udongoni. Kinachopandwa katika udongo huo nacho huyakosa.

Kusini mwa Gisenyi, katikati ya ziwa hilo hilo, kipo kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo. Katika miaka ya 1960 daktari Mbelgiji François Delange na wenzake walikwenda huko kuchunguza ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Waliyoyakuta yanasomwa na madaktari wa dunia nzima hadi leo. Kaskazini mwa kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi, mwendo usio mrefu kutoka huko, wenye rovu walikuwa takriban watano katika kila mia. Kaskazini walionekana pia watu waliozaliwa na udumavu wa mwili na akili, kwa kuwa mama zao walikosa madini joto walipokuwa wajawazito.

Mtu angedhani kwamba watu wa kusini-magharibi walikuwa na madini joto zaidi. La hasha! Wataalamu walipopima mkojo wa watu, walikuta kwamba pande zote mbili zina upungufu mkubwa ule ule. Tofauti ilitoka katika chakula, nayo ilihusu muhogo. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi. Ikiingia mwilini kwa kiasi kidogo, mwili huigeuza kuwa kitu kiitwacho thiosianeti, ambacho hugombea mlango na madini joto na kuyazuia yasiingie katika tezi. Watu wa kaskazini walikuwa na thiosianeti nyingi zaidi, na muhogo wa huko ulipojaribiwa ulionekana kuzuia tezi isinyonye madini hayo.

Haifuati kwamba muhogo ufukuzwe mezani. Muhogo mchungu uliomenywa, ukalowekwa siku kadhaa, ukakaushwa vizuri ndipo ukasagwa, umekwisha kutoka sehemu kubwa ya sumu yake. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu. Bibi zetu walifanya hivyo bila kusoma kitabu chochote cha kemia. Hatari huja njaa au haraka ya biashara inapofupisha siku za kuloweka.

Dawa ya upungufu huo imekuwa chumvi iliyotiwa madini joto. Hata hivyo Kivu ilitoa funzo la pili. Katikati ya miaka ya 1990, chumvi hiyo ilipofika kwa watu waliokosa madini joto kwa miaka mingi, baadhi yao, hasa wenye marovu ya zamani, walipata ugonjwa wa kinyume. Tezi iliyozoea uhaba ilipata shibe ya ghafula ikashindwa kujizuia. Wagonjwa wakakonda, mioyo ikawaenda mbio. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1996 katika jarida la madaktari la Lancet. Jambo kama hilo lilitokea pia Zimbabwe. Chumvi haikuachwa, kwa sababu faida yake kwa watoto ni kubwa mno. Lililosisitizwa ni kupima kwa uangalifu kiasi cha madini kinachotiwa.

Nyumbani, chumvi hiyo ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Wala mtu asidhani kwamba akizidisha chumvi atapungua mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa sababu ya shinikizo la damu.

Je, basi, kila mnene ana ugonjwa wa tezi? Hapana, na hapa yafaa kusema wazi. Udhaifu wa tezi kwa kawaida huongeza kilo chache tu, mara nyingi mbili hadi tano, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi. Aliyeongeza kilo 20 hawezi kuitupia shingo lawama yote. Lakini mama anayeongeza uzito, anayeona baridi, aliyechoka na ambaye hedhi yake imekuwa nzito hastahili kutukanwa na mumewe kwamba amekuwa mvivu. Anastahili kupelekwa hospitali akapimwe damu. Vidonge vya homoni ya tezi ni kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Asiye mgonjwa akivimeza ili apungue, huudhuru moyo na mifupa yake.

Kwa walio wengi, wasimamizi wengine ndio wenye neno. Insulini, itokayo katika kongosho, huingiza sukari ya damu katika chembe na kuamuru ziada iwekwe akiba kama mafuta. Leptini, iliyogunduliwa New York mwaka 1994, hutoka katika mafuta yenyewe na kuuarifu ubongo kwamba ghala imejaa. Grelini hutoka tumboni na kupiga kengele ya njaa. Mtu akijinyima chakula ghafula, leptini hushuka, grelini hupanda, na hata homoni ya tezi hupunguza moto. Mwili hudhani umefikwa na ukame. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu waliopunguza uzito kwa haraka walikuwa bado na homoni za njaa zilizovurugika mwaka mmoja baadaye. Ndiyo sababu anayefunga mwezi mzima kwa supu ya kabichi hunenepa tena kabla ya sikukuu. Nusu kilo kwa juma yatosha.

Askari wa zamu ya usiku wana shida yao. Usingizi ukiwa haba, leptini hushuka na grelini hupanda. Ndipo mtu hutamani chapati na chai ya sukari saa tisa za usiku. Anayetoka lindoni alale kwanza, tena gizani, ndipo ahukumu njaa yake. Kadhalika askari aliyehamishwa kutoka mazoezi kwenda ofisini hukuta sahani imebaki ile ile na mwendo umekwisha.

Gisenyi ina kiwanda cha bia tangu mwaka 1957, na chupa kubwa ya bia huwa na kalori karibu 300. Mwili huunguza pombe kwanza, na mafuta ya chakula hungoja akibani. Chupa tatu za jioni ni sawa na mlo mzima usiohesabiwa na mtu. Viazi kutoka miteremko ya Birunga havina kosa vikichemshwa. Vikikaangwa, kalori zake huongezeka sana. Sambaza, ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika na waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, hushibisha kwa protini, na wakiliwa wazima na mifupa yao hutoa chokaa ya kutosha. Maharagwe na mboga vikijaza nusu ya sahani, insulini haipandi kwa kishindo.

Yupo pia mtu ambaye hakukusudia kupungua, na mkanda wake umerudi matundu mawili. Jirani humsifu kwamba amependeza. Akiwa na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, huenda ni kisukari. Akiwa na kikohozi cha majuma mawili na jasho la usiku, huenda ni kifua kikuu. Na akiwa na mapigo ya mbio na mikono inayotetemeka anaposhika kikombe, huenda ni tezi ya shingo. Huyo aende hospitali juma hili hili, wala asingoje likizo.