Kulala Usingizi wa Pono: Maana na Matumizi Yake

Mara nyingi katika vikao vya kijiji tunasikia mtu akilalamika: "Sisi tumelala usingizi wa pono, wenzetu wanasonga mbele." Wengi wetu tunautumia msemo huu bila kumfahamu pono mwenyewe, hasa sisi tunaoishi mbali na bahari.

Pono ni samaki wa miambani, mwenye meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Mchana hukwangua mwani kwenye matumbawe. Jua likizama, huingia kwenye nyufa za miamba na kulala. Baadhi ya aina za pono hujifunika utando wa ute unaotoka mwilini mwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa utando huo huwakinga na wadudu wa baharini wanaonyonya damu usiku, mithili ya chandarua. Usingizi wa pono ni mzito, hata mvuvi mwenye taa huweza kumsogelea asishtuke.

Kwa hiyo, kulala usingizi wa pono ni kulala fofofo. Msemo huu hutumika kwa namna mbili. Kwanza, kwa usingizi wenyewe: "Alirudi shambani amechoka, akalala usingizi wa pono." Pili, kwa kumlaumu aliyezembea jambo linalomhusu: "Pampu imeharibika tangu Januari, na kamati ya maji imelala usingizi wa pono." Kinyume chake ni kukesha bila kupata hata lepe la usingizi.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo msemo huu unaweza kutuponza. Mtoto mwenye homa akilala mno, huwa tunasema, "Mwacheni apumzike, amelala kama pono." Tusifanye hivyo. Tumwamshe kwanza. Ikiwa ni vigumu kumwamsha, au akiamka hana nguvu ya kunyonya wala kunywa, hiyo ni dalili ya hatari. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Kusubiri kupambazuke kunaweza kugharimu maisha yake.

Basi, wazazi wenzetu, tuendelee kuutumia msemo huu mzuri kwa wenye afya. Mgonjwa tumwamshe.