Gari Kuukuu na Maji ya Nyakach: Pesa Ianzie Chini

Ukiingia duka la spea Kisumu na kusema unataka kutayarisha Land Cruiser yako kwa mvua ndefu, kitu cha kwanza utakachooneshwa ni snoko, lile bomba jeusi linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Linapendeza na linauzika. Kwa mtu wa Sondu mwenye gari kuukuu na mfuko wa kawaida, mimi ningelinunua mwisho.

Kwanza tutenganishe maji. Huko Ahero na tambarare ya Kano kwa jumla, maji hutuama: mapana na ya tope. Nyakach ya chini ni habari nyingine. Mto Asawo hushuka kwa ghafla kutoka nyanda za juu, na mto Sondu wenyewe hubeba maji ya mito ya Kipsonoi na Yurith, kwa hiyo mvua ya Bomet na Kericho inaweza kuujaza ilhali sokoni Sondu jua linawaka. Matayarisho yote ya hapa chini ni ya maji yaliyotuama. Maji yanayokwenda kwa kasi yakifika sentimita 60 yanaweza kuzoa hata gari kubwa, na hakuna spea ya Grogan, Nairobi, itakayoyazuia. Hapo chaguo la bei nafuu ni kungoja, au kuzunguka kwa barabara ya juu ya Sigowet na Kapsoit.

Kipimo changu cha gharama ni tangi la dizeli. Mwaka 2025 lita moja ilikuwa kati ya shilingi 160 na 180, basi lita 90 ni kama shilingi 14,400 hadi 16,200.

Kazi ya kwanza ni briza, yaani vitundu vya kupumulia vya difu, giaboksi na transfa. Ukitoka Katito kwa mwendo, difu huwa ya moto. Ikizama ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo hunywea, na kama briza iko chini au imezibwa na tope, difu huvuta maji kupitia briza yenyewe au oili sili. Hutasikia chochote siku hiyo. Baada ya majuma kadhaa beringi huanza kulia, na ukifungua oili unaikuta imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Dawa yake ni mpira wa mafuta wa mita chache, klipu, na fundi wa jua kali kuupandisha hadi juu ndani ya boneti. Mpira na ufundi pamoja havikaribii hata robo ya tangi. Ukipiga hesabu ya hela zinazookolewa, sijui kazi nyingine ya gereji inayoishinda hii.

Pili, oili sili na grisi ya beringi za magurudumu. Gari iliyokula miaka 25 haina sili nzima, hata muuzaji akuapie. Kubadilisha sili na oili ya difu zote mbili hugharimu zaidi ya briza kwa mbali, lakini kazi hiyo gari inaidai hata kama haitaona maji.

Tatu, turubai. Lifunge mbele ya redieta, ingia polepole, na wimbi litasukumwa mbele huku nyuma yake maji yakipungua. Feni ikigonga maji kwa kasi hupinda na kula redieta, na redieta ni pesa ndefu. Turubai labda unalo nyumbani tayari.

Sasa snoko. Injini ikivuta maji, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa. Koni rodi hupinda, na injini ni ya kufungua yote. Kwa hiyo snoko ina maana yake. Ya kampuni ya Safari kutoka Australia ni mara kadhaa ya tangi. Kopi ya plastiki ni nafuu zaidi. Bomba la chuma lililochomelewa Kibuye, Kisumu, ni rahisi kuliko zote na linakubalika, mradi viungo vyote visipitishe hewa. Hapo ndipo wengi hupigwa: bomba refu juu, na chini kiungo kimefungwa kwa mpira uliopasuka. Mwambie fundi azibe mdomo wa snoko kwa kiganja injini ikiwa inanguruma. Isipozimika, usimlipe.

Magari nayo hayalingani. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na kompyuta, haina mengi ya kulowa, na magari ya mfululizo wa 70 hupewa kina cha milimita 700 na kiwanda. Defender ya zamani hupewa 500. Ya 300Tdi pia haina kompyuta, ila kumbuka plagi zake za kuziba chini ya klachi: zifunge kabla ya kuingia, zitoe ukishatoka, la sivyo oili inayovuja itabaki ndani na kuharibu klachi. Ya Td5 ina kompyuta chini ya kiti cha mbele, nami singeipeleka Nyakach mwezi Aprili. Gari ya petroli yenye distributa huzimika kwa mrusho mdogo tu wa maji.

Ukitembea mbele kupima kina kwa fimbo, vaa gambuti. Maji haya yana kichocho.

Na kama hujanunua gari bado, beba spana. Baadhi ya gari za bei nzuri zinazouzwa baada ya mafuriko zimeshazama. Kabla ya kutoa hata shilingi, omba ufungue plagi ya difu ya nyuma uchovye kidole. Muuzaji akikataa, shusha bei au ondoka.